Murumbi: Makamu wa Rais aliyeokoa hazina ya Afrika

NI wachache miongoni mwa wasafiri wanaopita Londiani, katika Kaunti ya Kericho, wanaokumbuka kwamba maeneo hayo na jirani yake Eldama Ravine ndiyo yaliyomlea Joseph Murumbi katika miaka yake ya mwanzo.

Alizaliwa Juni 18, 1911, babake akiwa mfanyabiashara Mgoa na mamake Mmaasai. Akiwa bado mtoto alipelekwa India kusoma.

Viongozi wa chama cha KAU walipotiwa mbaroni mwaka wa 1952, Murumbi alikaimu ukatibu mkuu wa chama na kusaidia kupanga utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria. Mwaka uliofuata alikimbilia ng'ambo, akaishi uhamishoni London kwa takriban miaka tisa. Huko alikutana na Sheila, mkutubi Mwingereza aliyekuja kuwa mkewe, na huko alianza kununua vitabu na sanaa za Afrika zilizokuwa zimetapakaa katika maduka ya vitu vya kale.

Aliteuliwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni mwaka wa 1964, kisha Makamu wa Rais Mei 1966. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amejiuzulu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, lakini wengi waliamini kwamba mauaji ya rafikiye Pio Gama Pinto mwaka wa 1965 yalikuwa yamemvunja moyo.

Nguvu zake alizielekeza katika ukusanyaji: vitabu vipatavyo 50,000, stempu, vitambaa, mapambo, vinyago na samani za mbao. Kigoda cha mzee, ambacho jamii nyingi hukiheshimu kama alama ya mamlaka, kwake hakikuwa kitu cha kuuziwa mtalii kikapotelea ughaibuni. Mwaka wa 1972, yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi.

Ingawa wanunuzi wa kigeni walimezea mate hazina hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali ya Kenya pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba pangekuwa kituo cha utafiti wa Afrika. Yeye na mkewe walihamia shamba la Intona, Trans Mara, eneo linalopakana na Bomet.

Kituo hicho hakikujengwa. Nyumba ya Muthaiga ilibomolewa.

Murumbi alifariki Juni 22, 1990, akazikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto. Sehemu kubwa ya mkusanyo wake imo katika Nyaraka za Kitaifa, na nyingine katika jumba la Nairobi Gallery. Nyumba aliyotaka iwe makao yake haipo tena, lakini hazina yenyewe ilibaki nchini, mahali ambapo mtoto wa Londiani anaweza kuitazama.