Samuel Morse: Mvumbuzi aliyedai zaidi ya alichovumbua

WENGI humkumbuka Samuel Morse kwa mtindo wa kuandika herufi kwa nukta na vistari uliobeba jina lake. Ni wachache wanaofahamu kwamba uvumbuzi wake ulimfikisha katika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako dai moja lililopita mpaka nusura limponze.

Morse alizaliwa Aprili 27, 1791 mjini Charlestown, jimbo la Massachusetts. Alihitimu katika chuo cha Yale mwaka 1810, kisha akajitosa katika uchoraji. Mnamo Februari 1825, akiwa jijini Washington kumchora Jenerali Lafayette wa Ufaransa, mkewe Lucretia alifariki huko New Haven. Kufikia wakati barua ilipompata na akafunga safari, marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Wazo la kupeleka habari kwa umeme lilimjia mwaka 1832 akiwa melini, akirejea nyumbani kutoka Ulaya. Kwa msaada wa Profesa Leonard Gale na fundi Alfred Vail, aliunda mtambo wa telegrafu. Juni 20, 1840 serikali ilimpa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mtu mwingine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Mwaka 1843 Bunge lilimtengea dola 30,000, na Mei 24, 1844 ujumbe ukasafiri kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore.

Ufanisi huo ulizaa wapinzani. Morse na mawakili wake waliona kwamba maelezo ya hataza ya awali yalikuwa na kasoro ambazo washindani wangeweza kuzitumia. Sheria ilimruhusu mwenye hataza iliyokosewa bila hila kuirudisha serikalini, ili apewe nyingine iliyosahihishwa kwa muda uliosalia tu. Morse alifanya hivyo mwaka 1846, na tena mwaka 1848.

Katika hataza iliyotolewa upya mwaka 1848, dai la nane ndilo lililozua utata. Ndani yake Morse hakujifunga kwenye mitambo aliyoieleza. Alidai haki juu ya kila matumizi ya nguvu ya umeme katika kuandika alama au herufi mahali pa mbali, kwa njia yoyote ile.

Aliyemkabili alikuwa Henry O'Reilly, mjenzi aliyewahi kupewa kandarasi ya kujenga nyaya za telegrafu ya Morse, kabla ya wawili hao kukosana. O'Reilly alipotumia mtambo tofauti katika jimbo la Kentucky, Morse alimshtaki na kushinda. O'Reilly alikata rufaa.

Uamuzi ulitolewa mwaka 1854 na Jaji Mkuu Roger Taney. Mahakama ilikubali kwamba Morse ndiye mvumbuzi wa telegrafu yake, ikaidhinisha pia haki yake ya kurudisha hataza ili isahihishwe. Hata hivyo, dai la nane lilitupiliwa mbali. Kwa maoni ya majaji wengi, huenda baadaye mtu angegundua njia rahisi zaidi ya kuandika kwa umeme, isiyotumia chochote cha Morse, ilhali dai hilo lingemlazimu kumwomba Morse ruhusa.

Mtaka yote hukosa yote, lakini sheria ilimnusuru Morse. Kwa kuwa alidai kupita kiasi bila nia ya kulaghai, madai yaliyosalia yalibaki hai. O'Reilly alipatikana na hatia ya kuyakiuka, ila Morse hakulipwa gharama za kesi. Mwaka huohuo hataza yake iliongezewa miaka saba.

Maisha yake hayakukosa doa, kwani aliutetea utumwa hadharani. Alifariki jijini New York Aprili 2, 1872, akiwa tajiri na mwenye sifa kote duniani. Miaka minne baadaye, Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu. Katika kesi za Bell, uamuzi wa 1854 ulirejelewa tena, na hadi leo wanasheria huurejelea kila wanapopima mpaka wa haki ya mvumbuzi.