Naftali Temu: Mcheza Kwao Alituzwa Nini?

Riadha ya Kenya ikitajwa, kila mtu huanza na Kipchoge Keino. Si vibaya. Lakini medali ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na mtoto wa Gusii, Naftali Temu.

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945. Mwaka wa 1964 alikimbia marathoni kule Tokyo akamaliza wa 49. Nani angemkumbuka? Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika, alishinda mbio za maili 6 na kumwacha mbali Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia. Hapo watu wakaanza kuulizana huyu jamaa katoka wapi.

Sasa njooni Mexico, tarehe 13 Oktoba 1968. Mji ule uko mita 2,240 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, si mchezo. Mbio zilikuwa za mita 10,000. Keino, aliyekuwa mgonjwa wa nyongo, alianguka kabla ya kumaliza. Clarke alifika wa sita akazirai, hata akapewa oksijeni. Mbele wakabaki Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Mzunguko wa mwisho Wolde akachomoka, Temu akamfuata unyounyo, akampita karibu kabisa na utepe. Dakika 29, sekunde 27 na nukta 4. Wolde alichelewa kwa nukta 6 tu za sekunde! Siku nne baadaye Temu akaongeza shaba katika mita 5,000.

Je, alipata nini? Hapa ndipo panaponiuma. Enzi hizo mwanariadha aliyepokea pesa kwa kukimbia alipigwa marufuku, kwa hivyo hapakuwa na kampuni ya kumdhamini. Ni mwaka wa 1982 ndipo shirikisho la riadha duniani liliporuhusu pesa za wanariadha ziwekwe katika hazina maalumu, na Temu alikuwa amekwisha kutundika viatu. Rais Jomo Kenyatta alimpa shamba huku kwetu Mugirango Kaskazini, na huko akawa mkulima kama wazazi wetu.

Siku hizi kampuni hutoa pesa hata kwa mambo ya ajabu. Kule Marekani, Polaris, ambao huunda pikipiki za kuendeshwa juu ya theluji, walianza mwaka wa 2006 kutoa ruzuku kwa vilabu vya waendeshaji ili vitengeneze njia zao. Naam, njia za theluji! Hebu fikirieni kampuni moja tu ingekipa kilabu cha riadha cha hapa Nyaramba jembe, karavati na lori chache za murramu. Sisi wanafunzi wa kutwa tunazijua njia hizi mvua ikinyesha: ukikimbia unateleza, ukitembea unachelewa. Na ni humu humu anakopita Temu wa kesho, viatu mkononi.

Temu alifariki tarehe 10 Machi 2003 kwa saratani, akiwa na miaka 57. Baadaye mwaka huo huo benki ya Standard Chartered ilidhamini marathoni ya Nairobi kwa mara ya kwanza. Yeye hakuiona.