Msiri wa Bunkeya: maisha na masimulizi

Kolwezi na Bunkeya ziko katika jimbo moja, Lualaba, lakini mtu aliyeifanya Bunkeya ijulikane alitoka mbali. Ngelengwa, ambaye wengi humwita Msiri, alizaliwa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, yapata mwaka 1830. Baba yake, Kalasa, alifanya biashara ya shaba na machifu wa Katanga, na mwana akaijua njia hiyo.

Yapata mwaka 1856 Ngelengwa alirudi Katanga na wafuasi wachache wenye bunduki, akabaki. Aliwasaidia machifu wenyeji dhidi ya maadui wao, kisha akawaweka chini yake mmoja baada ya mwingine. Ufalme wake, Garenganze, uliuza shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa kuelekea Angola na kuelekea Bahari ya Hindi. Ndiyo maana wengine humkumbuka kama mjenzi na wengine kama mwonevu, na kila upande una hoja. Mwaka 1891 Basanga walikuwa wamemwasi, huku Wazungu wakishindana kuipata nchi yake.

Msiri alikataa kuwa chini ya bendera ya Leopold II. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs, alimuua kwa risasi. Bodson naye alipigwa, akafa kwa jeraha hilo. Kichwa cha mfalme kilikatwa. Husimuliwa kwamba wageni waliondoka nacho, na kwamba kila aliyekibeba alikufa. Stairs mwenyewe alifariki mwaka 1892, kabla ya kufika kwao. Msimuliaji huona laana. Lakini Stairs aliuawa na malaria, iliyowamaliza wengi katika misafara ile.

Kwetu sisi wa lugha, kuna hasara nyingine isiyosimuliwa sana. Kiyeke, lugha ya watawala hao, kilikuja nao kutoka mashariki, kikaachwa polepole mbele ya Kisanga, lugha ya wale walioasi. Ushindi wa bunduki haukuwa ushindi wa lugha. Majina ya heshima na nyimbo za kale za Bayeke bado zina maneno ya Kiyeke. Kichwa cha Msiri huenda kisipatikane kamwe; maneno hayo tunaweza kuyarekodi sasa, wakati wazee wanaoyajua wangali hai.