Omukama Rumanyika na Chakula cha Mfalme

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 1:29, Danieli 1:3–16, Danieli 10:2, 3, Warumi 14:1–6, 1 Wakorintho 10:31.

Juma hili tunajifunza habari za Danieli na chakula cha mfalme. Tukifika hapa, mawazo yetu huenda Babeli mara moja. Lakini sisi tulio Karagwe na Kyerwa tunayo ikulu ya zamani iliyo karibu zaidi, pale Bweranyange, na tunaye mfalme ambaye habari za chakula chake ziliandikwa na mgeni aliyekaa naye. Ni vema kundi limfahamu mtu huyu kabla ya kulijadili swali linalorudi mara kwa mara madarasani: je, niache nyama kabisa, au niendelee kula iliyo safi kwa kiasi?

Rumanyika alikuwa wa ukoo wa Abahinda, mwana wa Ndagara. Ndagara alifariki katika miaka ya 1850, na kiti hakikupatikana kwa amani. Simulizi ya ikulu ilisema kwamba ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wana wa mfalme, nyepesi kwa macho, lakini asiyestahili hakuweza kuiinua. Rumanyika aliiinua kwa kidole. Nje ya simulizi hiyo palikuwa na vita ya kweli na ndugu yake Rogero, na Rumanyika alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Kaze, Tabora ya leo. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa tayari wamefungua kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu.

Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange wakitafuta chanzo cha Mto Naili. Njiani kote walikuwa wametozwa hongo na kila mtemi. Karagwe hawakutozwa. Mfalme aliagiza wapewe chakula kwa gharama yake. Walimkuta mtu mrefu, mpole wa maneno, aliyetaka kujua wanaionaje milima yake na ziwa lililo chini ya ikulu. Grant alipougua mguu kwa kidonda kibaya, Speke aliendelea na safari ya Buganda Januari 1862, naye Grant akabaki akitunzwa na mfalme hadi Aprili. Mgeni mgonjwa, asiyeweza kutembea, kwa miezi mitatu! Ukarimu wa namna hiyo bado tunaujua katika vijiji vyetu, na ndiyo maana jambo la chakula ni gumu kwetu kuliko linavyoonekana kwenye vitabu vya afya.

Sasa tufike kwenye chakula chenyewe. Karagwe ya Rumanyika ilikuwa nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu. Hata alama za ufalme zilikuwa ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, wakihifadhiwa ikuluni pamoja na mikuki. Mfalme angeweza kuchinja kila siku bila kuhisi upungufu. Lakini Speke aliandika kwamba mtu huyu alikuwa na kiasi cha ajabu. Aliishi karibu kwa maziwa matupu. Nyama ya kuchemsha alinyonya maji yake tu, nyama yenyewe hakuila. Pombe ya ndizi hakuigusa isipokuwa kwa nadra, na hakuna aliyewahi kumwona amelewa, ingawa watu waliomzunguka walikunywa sana.

Mtu wa idara ya afya atasema kwamba mchuzi wa nyama ni nyama, na atakuwa sahihi. Simleti Rumanyika hapa kama mla mboga. Namleta kwa sababu alikuwa na uwezo wa kula chochote na akajinyima, na kwa sababu ya jambo la pili, ambalo halipendezi.

Katika ikulu hiyo hiyo, desturi ilitaka wake wa wakubwa wawe wanene kupita kiasi. Tangu utotoni walinyweshwa maziwa kutoka vyombo vya mti vilivyopangwa mbele yao. Speke alimwona mke wa mmoja wa ndugu za mfalme ambaye hakuweza kusimama kwa unene wake. Katika nyumba nyingine alimkuta msichana wa miaka 16 amekaa akinyonya chombo cha maziwa, na baba yake yuko kando ameshika fimbo ili asiache. Hayo hayakuwa mateso machoni pa watu wa ikulu, yalikuwa heshima. Unene ulionyesha kwamba nyumba hii ina ng'ombe, na kwamba binti huyu hatalima.

Kwa hiyo mfalme mwenye kiasi alitawala nyumba isiyo na kiasi. Kujinyima kwake kulikuwa kwake peke yake, na kulitoka katika desturi ya wafugaji iliyoyaweka maziwa juu ya vyakula vyote. Ndizi na maharage vilikuwa chakula cha mkulima. Aliyekula maziwa alikuwa mtu wa ngazi ya juu. Aliyekula vilivyotoka shambani alikuwa wa chini. Chakula kilieleza wewe ni nani.

Stanley alimkuta Rumanyika mwaka 1876 akiwa mzee, naye pia alimsifu kwa upole. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo, na kiti cha Karagwe hakikutulia tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita katika nchi hizi na kuua ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Migomba ilibaki.

Sasa mlinganishe na Danieli. Soma Danieli 1:8. Danieli alikuwa mateka, si mfalme. Chakula kizuri kililetwa kwake, na kukikataa kulikuwa hatari kwake na kwa msimamizi wake. Tafsiri yetu inasema aliomba mtama, lakini neno la Kiebrania lina maana pana, vitu vinavyotokana na mbegu, na maharage yetu yanaingia humo bila shida. Yaani kijana wa ukoo wa kifalme aliomba chakula cha watu wa shamba mbele ya ikulu nzima. Rumanyika alijinyima bila kushuka ngazi. Danieli alishuka, na sababu yake ilikuwa Mungu.

Lakini tusiharakishe. Soma pia Danieli 10:2, 3. Akiwa mzee, Danieli aliomboleza majuma matatu kamili, na katika siku hizo nyama na divai havikuingia kinywani mwake. Wengi hawaioni aya hii. Kama aliviacha kwa majuma matatu ya maombolezo, basi huenda katika nyakati nyingine alivitumia. Mwalimu wa darasa asiifiche aya hii kwa sababu inavuruga hoja nzuri. Chakula cha Edeni katika Mwanzo 1:29 ni mpango wa kwanza wa Mungu, nao unatosha kusimama bila kusaidiwa na aya tulizozikata.

Ni jambo la kutazamwa kwamba Juni 1863, mwezi ule Speke na Grant waliporudi Uingereza na habari za Karagwe, upande mwingine wa bahari kanisa letu lilikuwa na siku chache tu tangu kuundwa kwa Konferensi Kuu. Jioni ya Ijumaa tarehe 5, Sabato ikiingia, katika nyumba ya familia ya Hilliard huko Otsego, Michigan, Ellen G. White alipewa njozi juu ya afya. Alikuwa mla nyama wa kila siku, na mkate wa nafaka isiyokobolewa haukumpendeza. Aliondoka mezani na njaa mpaka siku mkate ule ulipokuwa mtamu kinywani mwake.

Washiriki wengi wanadhani mambo yaliishia hapo. Hapana. Katika safari, na katika sehemu ambazo chakula kingine kilikosekana, nyama ilirudi mara moja moja. Mwaka 1873 katika milima ya Colorado, akiba ya chakula ilipopungua, familia ilikula wanyama wa porini na samaki. Uamuzi wa mwisho ulikuja Australia, baada ya makambi ya Brighton karibu na Melbourne, Januari 1894. Na aliyemsukuma hakuwa mchungaji wetu wala daktari wetu. Alikuwa mwanamke Mkatoliki aliyemsihi afikirie mateso ya wanyama wanaochinjwa. Tangu wakati huo nyama iliondoka kabisa mezani kwake. Kati ya njozi na siku hiyo ilipita miaka 30 na zaidi. Mwaka 1909, akiwa na miaka 81, aliwahimiza viongozi wa kanisa kuacha nyama, lakini akakataa suala hilo lifanywe kipimo cha ushirika, akawakumbuka pia watu wa nchi ambazo vyakula vya badala havipatikani kwa urahisi.

Ndugu mwanafunzi wa lesoni, turudi Kayanga, Nkwenda na Omurushaka. Anayetaka kuacha nyama hapa hapigani sana na njaa, maana ardhi yetu inazaa. Anapigana na heshima. Mkwe akija akapewa ndizi na maharage bila nyama, nani ataona aibu? Mwenye nyumba. Kwenye harusi, sahani isiyo na nyama inasemwa mpaka Bukoba. Ikulu ya Bweranyange haipo tena, lakini fikra yake kwamba kilichotoka shambani ni cha wanyonge bado inakaa nasi mezani. Mimi naona hiki ndicho kizuizi kikubwa kuliko ladha, na mahubiri ya afya yanayotaja magonjwa tu hayakigusi.

Kizuizi cha pili ni sahani yenyewe. Ndizi hushibisha, lakini protini yake ni kidogo. Nyumba iliyoondoa nyama ikabaki na ndizi, chumvi na mchuzi wa nyanya imepunguza chakula, haijakitengeneza, na wa kwanza kuonyesha ni mtoto mdogo. Panapotoka nyama pawe na maharage ya kutosha, karanga, soya, njugu, na mboga za majani kama dodo, kila siku. Tunda kama pera, chungwa au papai likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo humo. Anayeendelea kutumia maziwa na mayai ana njia rahisi zaidi. Anayeacha hata hivyo ajue kwamba vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya shambani; itabidi aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Mama mjamzito na anayenyonyesha azungumze kwanza na mhudumu wa kliniki.

Na ataulizwa juu ya senene. Walawi 11:22 inawaruhusu wadudu wa jamii ya nzige, kwa hiyo si najisi. Lakini senene si mmea. Aliyeamua kula vya shambani tu aamue na hilo kabla ya Novemba, taa zikishawashwa na watoto wakiwa wameshika mifuko, maana wakati huo si wa kutafakari.

Jambo moja zaidi, kwa akina baba. Mara nyingi mume husikia somo, huamua, kisha hutangaza nyumbani, na mke ndiye anayebaki na kazi ya kutafuta na kupika badala ya nyama kwa fedha ile ile. Hata Danieli alimwomba msimamizi kwa unyenyekevu, akapendekeza siku 10 za kujaribu. Nyumba inaweza kufanya vivyo hivyo: wote wakae pamoja, wajaribu kwa muda, waangalie watoto wanakulaje na mama anabebaje mzigo, ndipo waseme. Na bibi wa nyumba aliyekula nyama tangu ujana asilazimishwe uzeeni. Soma Warumi 14:3 polepole, pande zote mbili, maana aya hiyo inamkataza anayekula kumdharau asiyekula, na inamkataza asiyekula kumhukumu anayekula. Katika makundi yetu nimeona dhambi ya pili zaidi kuliko ya kwanza.

Kwa kujadili Sabato hii: kundi lianze na Rumanyika kabla ya Danieli, na kila mmoja aseme ni chakula gani nyumbani kwao huhesabiwa kuwa cha heshima na kipi cha aibu. Kisha mjibu hili kwa uwazi: mgeni wa heshima amekuja bila taarifa, jogoo yuko bandani, maharage yako jikoni yameiva na ndizi ziko motoni, nawe umeacha nyama tangu mwezi uliopita. Utamwandalia nini, na utamweleza namna gani ili aelewe kwamba umempa kilicho bora ulicho nacho?