Mtakatifu Apolonia, Bikira na Shahidi

Apolonia alikuwa bikira mzee wa Aleksandria, Misri. Mwaka 249 umati wenye ghadhabu uliwavamia Wakristo wa mji huo, ukamkamata, ukampiga mataya hata meno yake yote yakang'oka. Ukawasha moto nje ya mji, ukamtishia kumteketeza asipotamka maneno ya kufuru. Alipoachiwa kidogo, alijitupa motoni. Kanisa humkumbuka tarehe 9 Februari, akiwa msimamizi wa wenye maumivu ya meno.

Nasi wa Iyunga, tung'olewapo gego la mwisho, tumwombe atuombee, wala tusidharau tiba: siku ya kwanza tuweke shavuni barafu iliyofungwa kitambaani, baada ya saa 24 tusukutue taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi baada ya siku tatu, turudi kwa daktari.