Rafael Bombelli: mkausha vinamasi aliyezipa kanuni namba zilizokataliwa

Wanafunzi wa algebra wanapotafuta kipeo cha pili cha 2 + i, wanatumia kanuni zilizowekwa na mtu ambaye hakupitia chuo kikuu. Leo tunamwangalia Rafael Bombelli wa Italia.

Alizaliwa Bologna mwaka 1526, baba yake akiwa mfanyabiashara wa sufu. Alijifunza kazi kwa mhandisi Pier Francesco Clementi, kisha akaajiriwa kukausha vinamasi vya Val di Chiana ili pawe mashamba. Kufikia mwaka 1555 kazi hiyo ilikuwa imesimama. Bombelli hakukaa bure. Alianza kuandika kitabu cha algebra, tena kwa Kiitaliano badala ya Kilatini cha wasomi.

Kulikuwa na fumbo. Mwaka 1545 Girolamo Cardano alichapisha njia ya kutatua milinganyo yenye kipeo cha tatu, lakini mara nyingine njia hiyo ilidai kipeuo cha pili cha namba hasi. Tunajua 3 mara 3 ni 9, na hasi 3 mara hasi 3 ni 9 vilevile. Hasi inatoka wapi? Wengi waliona hapo hesabu imegota.

Bombelli alichukua mlinganyo x³ = 15x + 4. Jibu ni 4, kwa kuwa pande zote mbili zinakuwa 64. Hata hivyo, njia ya Cardano ilileta kipeuo cha pili cha −121. Badala ya kukimbia, aliweka kanuni. Kwa alama za leo, i mara i ni −1.

Tujaribu naye. (2 + i)² ni 4 + 4i + i². Kwa kuwa i² ni −1, tunabaki na 3 + 4i. Tukizidisha tena kwa 2 + i tunapata 6 + 11i + 4i², yaani 2 + 11i. Na 11i ndicho kipeuo cha −121! Sasa njia ya Cardano inataka tujumlishe 2 + i na 2 − i. Zile i zinafutana, inabaki 4.

Sehemu tatu za kitabu zilichapwa mwaka 1572, na mwaka huohuo Bombelli akafariki. Sehemu mbili zilizobaki zilipatikana katika maktaba ya Bologna mwaka 1923. Namba alizozitetea, ambazo leo tunaziita namba changamano, hutumiwa na wahandisi kukokotoa umeme na mawimbi ya redio.