Noah Webster: aliyegawa maneno kwa sikio

Noah Webster alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1758 huko West Hartford, Connecticut, wakati ambapo Connecticut ilikuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake, mkulima, aliweka shamba rehani ili kijana asome Yale. Alihitimu mwaka 1778, vita vya uhuru vikiendelea, akaingia ualimu.

Darasani alikuta kitabu cha Mwingereza Thomas Dilworth. Kitabu hicho kiliwataka watoto waligawe neno cluster kuwa clu-ster, habit kuwa ha-bit, na nation kuwa na silabi tatu, na-ti-on, ingawa wasemaji walitamka mbili tu. Mtoto alijifunza mgawanyo mmoja machoni na mwingine mdomoni.

Mwaka 1783 Webster alitoa kitabu chake cha tahajia, kilichokuja kujulikana kwa jalada lake la buluu. Watoto walianza na ba, be, bi, bo, bu, kama wengi wetu tulivyoanza, kisha wakapanda ngazi hadi maneno ya silabi nyingi. Kanuni yake ilikuwa moja: silabi ifuate matamshi. Kwa hiyo clus-ter, hab-it, na-tion. Nakala ziliuzwa kwa mamilioni. Kamusi yake kubwa, yenye maneno yapatayo 70,000, ilitoka mwaka 1828, naye akiwa na umri wa takriban miaka 70. Alifariki New Haven tarehe 28 Mei 1843.

Hata hivyo, sikio lina gharama yake. Mwishoni mwa mstari, wachapaji wa Marekani hukata knowl-edge na democ-racy. Wale wa Uingereza wamezoea know-ledge na demo-cracy. Wa kwanza wanalinda sauti na kupasua mzizi. Wa pili wanalinda mzizi na kumwachia msomaji kazi ya kutafuta sauti.

Swali hilo linatuhusu sisi tunaochambua lugha za Kibantu. Neno anasoma lina silabi a-na-so-ma, lakini mofimu zake ni a-na-som-a. Konsonanti m ya mzizi imehamia silabi ya mwisho. Anayechanganya migawanyo hii miwili atautafuta mzizi mahali usipokuwepo. Webster alichagua mmoja kwa sababu alikuwa akifundisha kusoma. Nasi, kabla ya kukata neno, tuseme kwanza tunalikata kwa kazi gani.